Fulana Zenye Picha Ziacheni Nyumbani

Jumamosi iliyopita wapya wawili wa kundi letu la wazazi waliozika, tunaojitolea kupeleka uji wodi ya watoto, mke na mume, waliingia wodini wamevaa fulana nyeupe mpya, mikunjo ya mfuko bado haijatoka. Kifuani picha ya mtoto wao anacheka. Chini ya picha, tarehe mbili. Nilikuwa nimesimama na birika la uji karibu na mlango wa pili, nikaliona lile jambo linavyosambaa kitanda hadi kitanda: kila mama alisoma tarehe ya kwanza, akasoma ya pili, akapiga hesabu, kisha akamgeukia wa kwake. Mmoja alivuta shuka akamfunika mwanawe mpaka kidevuni, na joto lote lile.

Sikusema neno. Mke nilimpa kanga yangu ajitande, mume nikamtuma maji. Akaleta, nikamtuma tena. Kufika saa sita ndoo zote zimejaa, naye kaloa chapa, picha haionekani. Mkisoma hapa mtajijua, na mjue sijakasirika. Mimi ya kwangu niliivaa miezi mitatu mfululizo, tena niliishona mwenyewe na kuitia ukosi.

Mwaka huu tumepokea wapya sita, na wote mmezika mtoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Makosa yenu nayajua kama ninavyovijua vifungo kwenye kopo langu la ushonaji, maana yalikuwa yangu kabla hayajawa yenu. Mambo ya raundi, zamu, bili na saa za kuona wagonjwa sitawafundisha. Aliyelala chini ya kitanda cha mwanawe wiki tatu hafundishwi wodi. Nitasema mengine, na nitayatia namba ili kesho mtu asiniambie hakuambiwa.

1. Fulana. Imeshasemwa. Ina mahali pake: kwenye hitma, kaburini, kwenye matembezi ya tarehe 19 Juni siku ya selimundu. Wodini wewe ni mbeba uji.

2. Usisimulie habari ya mwanao mpaka uulizwe, na ukiulizwa, sentensi moja inatosha. Yangu ni hii: "Nilikuwa na mtoto wa selimundu, ametangulia, na mimi nipo." Kuna akina mama wataishia hapo, na kuna mmoja atakufuata koridoni akuulize yote. Huyo wa koridoni kaa naye hata saa nzima.

3. Picha. Hapa vuteni kiti.

Mwanangu nilimzika Agosti 2019, akiwa darasa la pili. Desemba nilikuwa nimesharudi wodi ileile, najitolea. Watu wakasema nina moyo. Moyo gani? Yalikuwa mazoea. Miaka saba niliamka saa nane usiku kumkanda miguu kwa maji ya moto, na hata alipokwishaondoka saa nane ikifika macho haya, nakaa kitandani na mikono yangu, miguu ya kukanda hakuna. Wodini angalau palikuwa na miguu.

Februari 2020 akaletwa binti wa miaka mitano kutoka Mkuranga. Maumivu, kifua, damu imeshuka. Mama yake kijana tu, Dar hana ndugu, ana begi moja na chupa ya chai. Yule binti sindano ikija alikuwa anakunja kidole gumba anakificha ndani ya ngumi. Mwanangu alikuwa anafanya vilevile. Nilipokiona kile kidole, basi, nikawa nimeshapotea. Jumamosi zikageuka kila siku. Cherehani nikaifunika kitambaa, wateja wakaanza kunitafuta kwa simu.

Alikuwa mtoto mchangamfu akipata nafuu. Mama yake alikuwa amemfundisha namba yake ya simu kwa wimbo, ili akipotea gulioni aiimbe kwa mtu mzima. Aliniimbia mara mbili, anagonga chuma cha kitanda kwa kijiko, tarakimu kumi zote, na ile ya mwisho anaivuta.

Siku ya tatu nikamwambia mama yake: "Dada, huyu wetu hafi. Nakuambia mimi." Nilisema wetu. Alinitazama kidogo, akashusha macho kwenye kanga yake. Nikadhani ananishukuru.

Zilikuwa zinatakiwa hela za kipimo cha picha ya kichwa, za dawa, na za kula kwa mama mwenyewe. Nikamwambia nitapiga picha niwaombe watu. Akatikisa kichwa kukubali. Nataka mkiangalie vizuri hicho kichwa, kwa sababu mimi sikukiangalia. Kilikuwa kichwa cha mtu ambaye hajalala siku sita, anayemtegemea yuleyule anayemwomba ruhusa. Ningemwambia tumvae mtoto mabawa ya malaika, angetikisa vilevile.

Nilipiga karibu. Kanula, ule mrija wa sindano, mkononi, dripu juu, chozi halijakauka. Nilipiga kadhaa nikachagua yenye chozi. Usiku nikakaa na simu nikaandika juu yake kwa maandishi mekundu: MTOTO HUYU ANAHITAJI MIMI NA WEWE. TUMA CHOCHOTE ULICHONACHO. TAFADHALI SAMBAZA KWA MAGRUPU YOTE. Jina lake kamili, ugonjwa wake, wodi. Na namba ya M-Pesa ya mama yake, ile ya kwenye wimbo.

Saa nane usiku ilipofika, safari hii nilikuwa na kazi. Nilikuwa nahesabu. Mama yule alinitumia kila ujumbe alioupokea: elfu mbili, elfu tano, buku, elfu ishirini kutoka kwa mtu aliyejiandika "Mja wa Mungu". Huku kwangu zikamiminika sifa. Mungu akulipe mama. Wewe ni malaika. Ungekuwa na wenzio kumi nchi hii ingepona. Nisiwafiche, ilinikolea. Tangu Agosti nilikuwa nasikia "pole" tu, na "pole" huwezi kuijibu kitu zaidi ya "asante". Sasa watu walikuwa wananiambia nimeweza. Siku ya tisa tulikuwa tumefika shilingi 640,000, nami nimeshaandika bango la pili, "TUMEBAKIZA KIDOGO".

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi, zamu yangu ya uji. Sikwenda. Nilikuwa Kariakoo na jamaa wa redio moja ya mtaani aliyesema ataisoma habari yetu hewani, nikamsubiri mpaka jioni. Jumapili asubuhi nikaenda wodini na bahasha ya michango ya mkononi. Kitanda kimetandikwa shuka safi, lililonyooka. Sista aliyekuwa zamu alinishika kiwiko kabla sijafungua mdomo. Binti alikuwa ameondoka usiku wa kuamkia Jumamosi. Walikuwa wameshamsafirisha.

Nilimpigia mama yake simu Mkuranga. Nyuma yake nasikia watu wa msibani, mtoto analia, sahani zinagongana. Na katikati ya maongezi yetu, kwenye sikio langu, mlio wa ujumbe. Akasema, "Ni wao." Nikauliza kina nani. "Hao wa hela, dada. Wanatuma. Wengine wanapiga. Kuna mmoja amepiga sasa hivi anataka nimtumie picha mpya ya mtoto ndio aamini."

Alikuwa amekaa mkekani.

Kisha akaniomba, kwa upole kabisa: "Itoe, dada." Nikasema naitoa sasa hivi. Nikaifuta kwenye stetasi yangu, nikaifuta kwenye magrupu mawili, nikaandika "JAMANI MTOTO AMEFARIKI, MSISAMBAZE". Hiyo ya kusema msisambaze ilisambaa kwa watu kumi na moja. Bango lilikuwa limeshavuka mikoa. Machi corona ikaingia nchini, shule zikafungwa, wajitoleaji tukazuiwa wodini, na watu wamekaa nyumbani na simu. Kulikuwa na muda wa kusambaza kuliko wakati wowote.

Mei yule mama alinipigia kuniambia bado wanapiga. Julai akaniambia kuna mtu amemtukana, kamwita tapeli, eti mtoto gani anaumwa miezi mitano na kanula ileile. Mara ya mwisho kuongea naye alisema anaitupa laini. Nikamwambia ni sawa, laini ni laini tu, atapata nyingine. Nimelitamka hilo kwa mdomo wangu, mimi niliyeusikia ule wimbo mara mbili.

Januari 2021, msimu wa sare, duka limejaa wazazi, mteja wangu mmoja ananionyesha kitu kwenye simu: "Fundi, hebu muone huyu mtoto, masikini." Ni yeye. Chozi lilelile, maandishi yangu mekundu yaleyale. Namba tu ndiyo imebadilishwa. Mtu alikuwa amefuta namba ya wimbo akaweka ya kwake, anakula hela kwa uso wa marehemu. Nilimwambia mteja asitume. Sikumwambia bango ni la nani. Nikaendelea kumpima mtoto wake mabega.

Niliwahi kumwandikia mama yake ujumbe mrefu kwenye ile namba ya zamani. Una tiki moja mpaka leo.

Kwa hiyo mkiona nawanyang'anya simu mlangoni, na juzi mmoja wenu kaniambia mbele ya watu "shangazi umekuwa mkoloni", ndiyo sababu. Hatupigi picha ya mtoto. Wala mkono, wala mgongo, wala picha yenu wenyewe mmeshika boksi la juisi huku mtoto anaonekana nyuma. Siku hizi ipo hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo habari za afya ya mtu inazihesabu kuwa nyeti, lakini hata isingekuwepo. Mchango wetu unalipwa moja kwa moja dirishani, stakabadhi inakwenda kwa mweka hazina, na anayetaka kuchangia ataambiwa "bili ya mtoto, laki moja na nusu", basi. Tunapata kidogo kuliko wenye mabango. Najua.

4. Kabla hujaomba watu hata shilingi, mpeleke mzazi ustawi wa jamii aulizie msamaha wa bili. Nusu ya michango niliyowahi kukusanya ingeepukika kwa ngazi mbili na foleni moja.

5. Damu. Ukitaka kusaidia kwa kweli, leta mikono ya kutolea damu. Umri 18 mpaka 65, kilo zisipungue 50, mwanamume kila miezi mitatu, mwanamke minne. Mwambie ale kwanza. Msilete mjomba ambaye hajala tangu jana halafu anaanguka kwenye benchi na kuwa mgonjwa wetu, yametokea, na alikuwa na kilo tisini, tulimnyanyua watu wanne. Wengi wanaowatolea damu Damu Salama, ule mpango wa taifa wa kukusanya damu, ni wanafunzi, kwa hiyo shule zikifunga Juni na Desemba chupa zinaadimika. Panga watu wako miezi hiyo. Juni siku ya wachangia damu ni tarehe 14 na ya selimundu ni tarehe 19. Mtu mmoja asijipe zote mbili. Mimi nilijipa, nikalala siku tatu.

6. Nani kaleta ugonjwa. Hili litawakuta kila wiki: mama analia, na si mtoto anayemliza, ni mawifi. Mawifi zangu waliuhesabu ukoo wangu mpaka kwa bibi aliyekufa kabla ya uhuru, wakatafuta nani alikuwa anaumwa miguu. Msiende na somo la vinasaba, hamtasikilizwa. Mimi natumia vifungo. Baba anapewa viwili, cheupe na chekundu. Mama naye cheupe na chekundu. Wote wawili wazima, hawaumwi kitu. Mtoto anachukua kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, bila kuangalia. Akipata viwili vyeupe, hana kitu. Cheupe na chekundu, yuko kama wazazi wake. Vyekundu viwili, selimundu. Ni fungu moja katika manne. Halafu, na hapa ndipo mnapopasahau, vifungo vyote vinarudi mkononi kabla ya mimba nyingine. Msimwambie mtu "ukizaa wanne mmoja ndio ataumwa". Nimemwona baba ana watatu wote wagonjwa, kuna mjuaji alimwambia wa kwanza akishaumwa waliobaki watapona.

Kile chekundu cha baba mshike baba mwenyewe, mkononi, wakati unaeleza. Mmoja alikishika muda mrefu, akaondoka nacho mfukoni. Sikumdai.

7. Dawa si kazi yetu. Foliki, penisilini ya wadogo, haidroksiurea, dozi ngapi na lini, hayo ni ya daktari na sista. Kazi yetu ni kukazia mambo mawili mtaani: homa ya mtoto wa selimundu haisubiri kukuche, na bandama likivimba ghafla na mtoto akapauka, usingoje daladala ijaze.

8. Maneno ya mdomoni. "Najua unavyojisikia" hapana, hata kama umezika wawili. "Mungu amempenda zaidi" hapana kabisa. "Utapata mwingine" ukimsikia mtu anasema, mtoe nje kwa heshima. Mimi aliyeniambia kazi ya Mungu haina makosa alikuwa na kijiko cha pilau mkononi, pilau ya msiba wangu, na akaongeza kwamba imepungua chumvi. Imani ninayo na sala naswali, lakini siku ile nilimtazama mpaka akahama mkeka. Ukikosa la kusema, uliza: "Umekula?" Kisha usiondoke mpaka ale.

9. Nyumbani. Hili mtalikwepa wote, maana mnakuja huku ili mkwepe huko.

Sahani ya mtoto utaitoa kabatini mwaka mzima, zoea. Kengele ya dawa kwenye simu, ile ya saa mbili usiku, mimi sikuizima mpaka simu ilipokufa yenyewe. Nguo, msimsikilize anayesema zigawe upesi wala anayesema zitunze. Daftari langu la vipimo lina ukurasa wake mpaka leo: bega 11, urefu wa shati 18, kiuno 20, na pembeni nimeandika "acha upindo", maana nilitegemea atarefuka. Kila Januari najua angekuwa darasa gani. Januari 2025 angeingia kidato cha kwanza, kaptura mwisho, suruali ndefu ya kwanza. Nilikata suruali nyingi msimu ule kwa ajili ya watoto wa watu na mkono haukutetemeka, mpaka alipokuja kijana mmoja mwembamba, mama yake akaniambia, "Fundi, muachie upindo." Nikaenda uani kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Lakini nilitaka kusema habari ya binti yangu. Mdogo wa marehemu, yeye alipata vyeupe viwili, haumwi. Mwaka ule wa pili najitolea kwa fujo alikuwa na miaka sita. Jumamosi moja nimeshajitanda, birika liko mlangoni, akaniambia miguu inamuuma. Nikapiga magoti pale pale kumkanda, moyo unakwenda mbio, nashika goti, nashika kifundo, hakuna joto, hakuna uvimbe. Nikamwambia, "Mbona haijavimba, mwanangu?" Akaangalia birika. Akasema, "Mpaka ivimbe?"

Siku hiyo uji haukwenda. Tuliupeleka kwa majirani, birika zima, nikaenda naye Feri kununua samaki na akala ngisi mpaka akalalia bega langu kwenye daladala. Tangu hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi sipo, msinipigie. Nanyi kila mmoja atuandikie Jumamosi yake ambayo hatakuja. Kuna mmoja wenu ameandika "nitakuja zote". Wewe ndiye wa kwanza nitakayekufungia mlango. Una mapacha nyumbani, nimewaona.

Na waume. Wa kwangu hakulia mbele yangu, nikamwona jiwe, nikamwambia hivyo mwaka mzima kwa maneno mbalimbali. Kumbe alikuwa anashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani kila jioni, anatembea kilichobaki. Nilikuja kujua kwa muuza kahawa.

10. Jina. Kabla ya Agosti 2019 mtaa mzima uliniita Mama wa jina lake. Baada ya arobaini, bila kikao, wakahamia jina la mdogo wake. Nia yao njema, hawakutaka kunitonesha. Nilikuwa naitwa sokoni siitiki, nadhani anaitwa mwingine. Mmoja tu hakubadilisha, muuza mkaa, mzee asiyesikia vizuri, habari za msiba hazikumfika sawasawa. Nilinunua mkaa kwake mpaka stoo ikajaa, na mimi napikia gesi.

Kwa hiyo mkienda kumwona mama aliyezika, muulizeni: "Tukuiteje?" Wengine watataka jina lilelile, wengine hawataki kulisikia, na jibu linaweza kubadilika baada ya mwaka. Likibadilika, badilikeni nalo bila kuuliza kwa nini. Na siku mtakapoulizwa kwenye fomu mna watoto wangapi, jibu lolote mtakaloandika siku hiyo ni sahihi. Mimi huandika wawili. Mara moja karani aliniomba kadi za bima za wote wawili, tukakaa kimya pale dirishani mpaka wa nyuma yangu akakohoa.

11. Nilitaka yaishie kumi, lakini hili nimelikumbuka. Habari njema zitawachoma. Mwaka 2023 ilipotangazwa kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imeanza kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, kwa watoto wa selimundu, grupu letu lilijaa makofi na vigelegele. Mimi nilituma vigelegele vitatu, nikaweka simu kifudifudi, nikashona sketi nzima ya malinda upande usio wake. Miaka minne tu. Nikaifumua usiku. Ikiwatokea, msijione mna roho mbaya, na msitoke kwenye grupu kwa hasira kama alivyofanya mwenzenu mmoja, tumemrudisha mara mbili na admini amechoka.

Jumamosi hii zamu ni ya wale wa fulana, pamoja na yule dada mpya wa Mbagala. Saa moja asubuhi mpite kwangu. Uji wa ulezi nitakuwa nimeupika, sukari iko pembeni kwa sababu wapo wasioruhusiwa. Birika kubwa mfuniko wake mbovu, mlishike kwa chini, na kwenye daladala likae sakafuni, si mapajani. Vikombe vihesabiwe kwenda na kurudi. Mara ya mwisho vilirudi pungufu viwili. Simu mtaziacha kwenye kopo la vifungo.